Namna Filamu ya Mambo ya Kweli Inavyotengenezwa



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya kazi niliyoifanya katika likizo ya Agosti. Wenzangu wengine walikwenda kulima, wengine kuuza dukani kwa wajomba zao. Mimi nilikuwa mkalimani wa kampuni ndogo ya filamu. Mwanzo nilidhani nitawaeleza habari za kamera. Nilipokaa kuandika niliona kwamba kamera ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe, na sehemu kubwa ni neno moja nililolitafsiri vibaya. Lakini twende kwa utaratibu, kwa sababu hamtalifahamu kosa langu kabla ya kuifahamu kazi.

Filamu twazijua namna mbili. Ya kwanza ni ya hadithi: watu hutunga maneno, wachezaji huyasema, na aliyepigwa risasi huinuka jioni akala chakula chake. Ya pili ni filamu ya mambo ya kweli, ambayo siku hizi huitwa filamu ya hali halisi. Humo watu ni wale wale, nyumba ni zao, na maneno ni yao. Katika vibanda vya video vya Afrika ya Mashariki wamekuwako mabwana wanaosimama na kipaza sauti na kuzitafsiri filamu za kigeni kwa watazamaji, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Wakitia maneno yao wenyewe watu hucheka na kufurahi, na hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa yule askari wa kwenye filamu hakuwako duniani. Katika filamu ya mambo ya kweli mtu yuko duniani, na pengine kesho atakuwa kisimani pamoja na jirani zake.

Msifikiri kwamba neno “kweli” lilikuwa jepesi wakati wo wote. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu yake Nanook of the North, juu ya maisha ya Wainuit wa kaskazini ya Kanada. Kamera za siku zile zilitaka mwanga mwingi, na ndani ya nyumba ya barafu mlikuwa na giza. Basi ikajengwa nyumba isiyokuwa na upande mmoja, na jamaa wakaamka na kuvaa nguo mbele ya kamera huku baridi ikiwapiga. Kadhalika walionyeshwa wakiwinda kwa mikuki, na bunduki walikuwa nazo. Watu wabishana mpaka leo kama ule ulikuwa uwongo au la.

Huku kwetu nako kuna habari yake. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo cha filamu Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya Meja L. A. Notcutt. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu kiasi cha 35, za kilimo, afya, kodi, kuweka fedha posta na mengineyo. Maneno hayakuwa ndani ya filamu bali katika sahani za santuri, kusudi picha ile ile iweze kusemeshwa Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Northern Rhodesia ambayo sasa ni Zambia, na Nyasaland, ndiyo Malawi hii. Mimi humwaza sana yule mtu aliyekaa mbele ya mashine akasoma maneno ya lugha ya huku. Nani alimsahihisha? Mwenye mali hakuijua lugha, na mtazamaji hakuyajua maneno ya asili.

Sasa nije kwenye kampuni yetu. Ina watu 3, na chumba kimoja cha kupanga mjini Lilongwe, nyuma ya duka la vipuri vya magari. Nilipoingia mara ya kwanza nilitafuta mlango wa kuendea ofisini kwenyewe. Kumbe pale niliposimama ndipo ofisini. Yupo mwongozaji, mama wa miaka 40 hivi, ambaye sote tulimwita Madamu. Yupo mpiga picha, mtu mkimya sana. Tena yupo kijana wa sauti, ambaye ndiye dereva, ndiye mpika chai, na ndiye anayetumwa kuzungumza na mwenye nyumba kodi inapochelewa.

Watu hawa huishi kwa arusi. Jumamosi hupiga picha za bibi arusi na keki, siku nyingine hutengeneza filamu fupi za kampuni za mbegu au za mafunzo, na fedha zinazobaki baada ya petroli na kodi huingia katika filamu yao wenyewe. Madamu alikuwa na daftari, kurasa za kushoto kwa kazi za kula, na za kulia kwa filamu yake. Filamu ya upande wa kulia ilikuwa na mwaka wa tatu. Ilikuwa juu ya akina mama wa Dzaleka wanaolea watoto peke yao. Taasisi moja ya ng'ambo iliahidi kuisaidia: fedha kidogo mwanzoni, na kubwa zaidi kama filamu ingepelekwa kutazamwa kabla ya mwisho wa Agosti. Wakati ninaingia mimi zilikuwa zimebaki siku 24.

Kwa wale wasiopajua, Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 45 kutoka Lilongwe. Zamani za utawala wa Dkt. Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa siasa, na jina lenyewe ni la Kichewa; maana yake ni kama mtu kusema, “Nitaacha, sitarudia tena.” Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Palikusudiwa watu 10,000 na kitu, na sasa tumepita 50,000. Mimi nililetwa huko mdogo, mgongoni mwa mama, na lugha ya sokoni kwetu ni Kiswahili, ijapokuwa kila mtu husema Kiswahili cha mahali alikotoka. Ndiyo sababu Madamu alinihitaji. Yeye na wenzake ni Wachewa. Kiingereza wanakijua, Kiswahili hawakijui hata kidogo.

Siku ya kwanza hatukuichukua kamera. Jambo hili lilinikasirisha, maana nilikwisha waambia rafiki zangu waje watazame. Madamu alisema kwamba watu wa Dzaleka wamepigwa picha mara nyingi na wageni, nao wanajua kupanga nyuso zao. Tangu mwaka 2014 kuna hata tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wetu Menes La Plume, na watu wengi huja kutoka mjini na simu zao mkononi. Basi tulizunguka na barua za ruhusa, moja ya Serikali na moja ya wasimamizi wa kambi, tukakaa katika nyumba 7, tukanywa chai 7. Katika kila nyumba nilisoma karatasi ya idhini kwa Kiswahili: kwamba mtu aweza kukataa, kwamba aweza kuacha katikati, na kwamba picha zitaonekana nchi nyingine. Mama mmoja alinijibu kuwa picha zake zimekwisha safiri nchi nyingi kuliko yeye mwenyewe. Nyumba 3 zilikataa. Madamu aliwashukuru sawasawa na wale waliokubali.

Siku ya pili ndipo nilipojua kwamba adui mkubwa wa filamu si giza bali ni sauti. Macho ya mtazamaji husamehe picha mbaya kidogo, lakini sikio halisamehe. Agosti kwetu ni mwezi wa upepo na vumbi jekundu. Tena kuna redio ya jirani, kuku, watoto, pikipiki, na mashine ya kusaga mahindi ambayo inapoanza hata salamu huwezi kuisikia. Kijana wa sauti alivaa vitu masikioni, akanyosha mti mrefu wenye kipaza sauti kilichovishwa manyoya kama paka, kuzuia upepo. Baada ya kila mazungumzo alitutaka sote tunyamaze dakika 1 ili anase ukimya wa chumba. Nilicheka, ukimya wanaswaje? Lakini kila nyumba ina ukimya wake, na mhariri akikata maneno mahali fulani hana budi kupaziba kwa ukimya wa nyumba ile ile, la sivyo sikio husikia shimo. Dzaleka tulitafuta dakika ile kama watu watafutao maji. Mara moja tulianza mara 9.

Mpiga picha naye ana sheria zake. Saa sita mchana hapigi uso wa mtu nje, kwa sababu jua la utosini hutia mashimo meusi machoni. Hupenda asubuhi, au mtu akae karibu na mlango ulio wazi. Baada ya mtu kusema, hupiga mikono yake, sufuria, viatu mlangoni, pazia linalopepea. Nilidhani anapoteza nafasi katika kadi. Kumbe vitu hivi ndivyo uzi wa kushonea: mhariri akiyafupisha maneno ya mtu, huweka picha ya mikono pale alipokata, na mtazamaji haoni mkato. Likumbukeni jambo hili, kwa kuwa nitalirudia.

Na mkalimani? Hukaa bega kwa bega na kamera, ili yule anayesema akimtazama mkalimani aonekane kama anatutazama karibu sisi sote. Haongezi “ehee” wala “pole mama” wakati mtu anasema, maana sauti yake itaingia katika kinasa sauti. Hungoja mpaka mwisho, ndipo amweleze mwongozaji kwa kifupi, na tafsiri kamili hufanywa baadaye mjini. Maneno yale “kwa kifupi” ndiyo yaliyoniponza.

Mama wa nyumba ya 5 alitoka upande wa Uvira. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua majani ya sombe, na Madamu akaniambia nimwulize alivyoondoka kwao. Akaanza polepole. Alieleza usiku, milio, mumewe ambaye hakurudi. Halafu akasema, nami nayaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe: “Niliacha mutoto yangu, niliacha mutoto yangu wa miaka ine, kwa dada yangu pale Uvira, juu ya vita.” Katikati ya maneno yake mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Kijana wa sauti akainua mkono kwa huzuni. Madamu akanigeukia haraka, amesema nini? Nami nikamjibu kwa Kiingereza kwamba alimwacha mwanawe wa miaka 4, akakimbia.

Wanaojua Kiingereza wameona tayari. Kiingereza kina neno la kumwacha mtu mahali, na kina neno jingine la kumtupa mtu asikutegemee tena. Kiswahili chetu hutumia “kuacha” kwa yote mawili, na maneno yanayofuata ndiyo yanayoeleza. Mimi nilichagua neno la pili kwa sababu lilikuwa zito, na lilifaa machozi yake. Na maneno yanayofuata, yale “kwa dada yangu,” nikayameza pamoja na ngurumo ya mashine. Tena sikumwambia Madamu kwamba “juu ya vita,” kwa watu wa Kongo, maana yake ni “kwa sababu ya vita.” Nilikiona kisa kimetimia. Niliona hata fahari kidogo, kwa sababu Madamu aliweka mkono kifuani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Lilongwe na karatasi ya ruhusa ya siku 7. Sisi wa Dzaleka hatutoki ovyo. Na tangu mwaka 2023, Serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini, karatasi hizo huangaliwa sana. Nililala katika chumba kile kile cha ofisi, juu ya mkeka, kati ya masanduku ya taa.

Kazi ya mjini ndiyo ndefu. Kwanza, kadi za kamera hazifutwi mpaka picha zimenakiliwa mahali 3, na nakala moja hukaa nyumbani kwa Madamu, wala si ofisini, kwa kuogopa moto na wezi. Pili, kila neno lililosemwa huandikwa pamoja na dakika na sekunde yake. Tulikuwa na saa 31 za picha kwa filamu ya dakika 26. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu, lakini siku zilikuwa chache, na Madamu akaniambia, “Yale uliyokwisha nieleza kule usiyarudie, anza na yale nisiyoyajua.” Basi mama wa Uvira nilimruka.

Tatu ni maandishi ya chini ya picha. Hapa wapenda lugha wangefurahi. Mistari ni 2 tu, kila mstari herufi 40 hivi, nayo hayakai zaidi ya sekunde 6 au 7, kwa sababu jicho lina kazi ya kusoma na kazi ya kutazama uso. Neno letu moja kama “nisingalimwacha” hutaka maneno matano au sita ya Kiingereza. Mtu akisema kwa haraka, hapana budi uchague cha kutupa. Usiku nilikuwa naota nahesabu herufi.

Jioni mbili umeme ulikatika. Kompyuta kubwa ikazimika, na Madamu akatoa ndogo ya kubeba, iliyokuwa na betri, akatuonyesha filamu za Dieudo Hamadi wa Kisangani. Nataka kusimama hapa kidogo, kwa kuwa mtu huyu ni jirani yetu na wengi wetu hatumjui. Alizaliwa mwaka 1984, akaanza kusomea uganga, kisha akaiacha elimu ile akashika kamera. Kampuni yake yaitwa Kiripifilms. Mwaka 2014 alitoa filamu iitwayo Examen d'État, yaani mtihani wa Serikali, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaojitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya juu. Wengine wanafukuzwa darasani kwa kutolipa fedha za walimu, wakaenda kujikusanya katika nyumba isiyokwisha kujengwa, wakafundishana wenyewe, wakala pamoja na kulala pamoja. Nilisahau kwamba natazama kompyuta. Hakuna msimulizi anayetuambia tuwahurumie, wala hakuna muziki wa kulia. Kamera imekaa chini pamoja nao kama mwanafunzi mwingine.

Baadaye alitengeneza Maman Colonelle, ya mwaka 2017, juu ya mama mmoja mkubwa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Huko watu walimletea habari za vita vya siku 6 vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wao. Kutoka habari hiyo ikazaliwa filamu nyingine, En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Humo watu waliokatika miguu na mikono katika vita vile wapanda jahazi la mtoni kutoka Kisangani hadi Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 hivi, kwenda kudai malipo yao. Naye Hamadi yuko jahazini pamoja nao, mvuani na yote. Filamu ile ilichaguliwa katika orodha ya Cannes ya mwaka ule, na haijapata kuchaguliwa filamu ya Kongo kabla yake. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ilipanga Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile, ambavyo hivi vya Kisangani vilikuwa sehemu yake.

Nilimwuliza Madamu, mtu huyu ana wakalimani wangapi? Akacheka. Akasema, “Wale ni watu wa mji wake. Asikia mwenyewe.” Kisha betri ikaisha.

Siku ya tano Madamu alituita tutazame sehemu aliyoishona. Mama wa Uvira akatokea, amekaa kwenye kigoda. Sauti ya mashine ilikuwa imepunguzwa kwa kompyuta. “Niliacha mutoto yangu,” akasema, na chini yake yakatokea maneno yangu ya Kiingereza. Halafu picha ya mikono ikichambua sombe. Ndipo maneno ya “kwa dada yangu” yalipokatwa, kwa sababu nani angejua kwamba ni maneno ya maana? Kisha mlango mtupu. Kisha mtoto wa mtu mwingine anakimbiza tairi, mbali, vumbini. Kijana wa sauti alifuta macho. Mpiga picha, ambaye hasemi, alisema, “Hii ndiyo filamu.” Madamu akanipiga begani akaniambia kwamba bila mimi sehemu ile isingekuwako.

Alisema kweli.

Mtoto yule wa miaka 4 namfahamu. Sasa ni kijana wa miaka 22, ni fundi baiskeli karibu na soko la Dzaleka. Aliletwa na mama yake mdogo mwaka 2012, wakakutana na mamaye, na wote watatu wanakaa nyumba moja. Kiingereza anakisoma vizuri kuliko mimi. Usiku ule nilijilaza juu ya mkeka nikahesabu. Siku zilizobaki zilikuwa 4. Kama ningenyamaza, filamu ingekwenda ng'ambo, fedha zingekuja, na mimi ningelipwa sehemu yangu iliyobaki, ambayo nilikwisha ipangia: karo ya muhula na viatu vya mdogo wangu. Kama ningesema, sehemu iliyowaliza watu ingekufa, na pengine filamu yote. Nilijiambia kwamba tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza ni ndogo. Nilijiambia pia kwamba filamu ya namna hii haifiki Dzaleka. Jambo hili la pili nilijua ni la uwongo, kwa kuwa siku hizi kila kitu hufika kwa simu.

Asubuhi nilimwambia kabla hajavua koti. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa, akataka kusikia sauti ya asili, neno kwa neno, mara 3, nami nikitafsiri kila kipande, hata kile kilichofunikwa na mashine. Kisha akaniuliza kama kuna wengine niliowafupisha hivyo. Nikasema sijui. Akasema, “Basi utajua,” akanipa vipaza vya masikioni, nikakaa siku hiyo yote mpaka saa nne usiku. Nilikuta makosa mengine 11. Tisa yalikuwa madogo. Moja lilikuwa la muda: nilisema mtu alikaa njiani miezi 3, naye alisema wiki 3. Jingine lilikuwa lile la “juu ya.” Mzee mmoja alisema hakwenda kanisani juu ya mguu wake, nami nikaandika kwamba hakwenda kanisani kwa miguu.

Siku iliyofuata tulirudi Dzaleka na kompyuta ya kubeba. Kijana wa sauti alilalamika njia nzima juu ya petroli, naye alikuwa na haki. Tulimkuta mama nyumbani, na mwanawe amerudi kula chakula cha mchana. Madamu alitaka mama atazame peke yake kwanza. Mama akasema mtoto na akae, maana Kiingereza ataisomewa na nani? Basi tukaitazama sote. Niliyasoma maandishi kwa Kiswahili kwa sauti, na nilipofika kwenye neno lile nililitafsiri kama lilivyo. Yule kijana aliutazama mdomo wangu, kisha akamtazama mamaye.

Mama alikaa kimya kitambo. Akaniuliza, “Papa, ni weye uliwaambia hivyo?” Nikajibu, ni mimi, mama. Akasema, “Mutoto yangu hakutupwa. Nilimuweka.” Akairudia mara mbili, akimwelekea Madamu na si mimi, kana kwamba Madamu asikia Kiswahili. Nikalitafsiri. Nilitafsiri na ukimya uliokuwa kati yake, kama mnaweza kunielewa, nilingoja alipongoja.

Baadaye alikubali kubaki katika filamu, kwa masharti. Kwamba maneno “kwa dada yangu” yasikatwe. Kwamba yule mtoto wa tairi aondolewe, kwa kuwa si wake na mama wa mtoto hakuulizwa. Na kwamba mlango mtupu uondolewe pia, kwa sababu ulimfanya aonekane hana watu, “na mimi niko na watu.” Madamu aliandika yote katika daftari, ukurasa wa kulia. Mpiga picha akaomba kumpiga tena, pamoja na mwanawe na dadaye. Mama akasema amechoka, labda siku nyingine. Karatasi ya idhini ilisema mtu aweza kuacha katikati, na mimi ndiye niliyeisoma.

Sehemu ile ilikuwa ya dakika 4. Ikawa ya sekunde 50. Filamu ikavunjika katikati, na siku 2 zilizobaki hazikutosha kuishona tena. Taasisi ile ya ng'ambo ilijibu kwa adabu kwamba wangeweza kujaribu mwakani. Jumamosi walikwenda Kanengo kupiga arusi, nami niliwabebea taa bila malipo, kwani nilitaka.

Kabla sijarudi shuleni Madamu alinipa kazi moja ya mwisho: niyaandike mimi mwenyewe maneno ya chini ya picha kwa mama wa Uvira. Yeye alisema “niliacha,” wala hakusema “niliweka” siku ile ya kamera, na hatuwezi kuubadilisha mdomo wake. Nafasi ilikuwa sekunde 5 na mstari 1, kwa kuwa mstari wa pili ungemfunika mikono. Nilitafuta neno la Kiingereza la kuacha kitu mikononi mwa mtu akutunzie. Niliandika mara 14. Ya 14 niliihesabu kwa kidole, pamoja na nafasi na nukta: herufi 37. Nikampigia simu yule fundi baiskeli nikamsomea. Akaniambia nisome tena, polepole, mamake yuko hapo.